Kiti cha Mashua Kinachotoka

Leo tuzungumze juu ya kiti cha mshika usukani katika mashua ndogo. Wako watakaocheka: baharia na mto wapi na wapi? Lakini aliyekalia ubao mtupu tangu alfajiri mpaka alasiri huumwa kiuno, na aliyechoka huchelewa kutambua upepo unapogeuka.

Kiti hicho kisipigiliwe misumari. Chini yake maji ya ngama hukusanyika, na siku ya mawimbi lazima ukiinue kwa mkono mmoja, mkono wa pili ungali kwenye kana, ili mwenzio apate kukumba maji. Basi laza ubao juu ya vipande viwili vya mti vilivyokazwa mbavuni mwa chombo, kimoja kila upande, kisha uutie kamba fupi usije ukachukuliwa na maji. Usiweke juu sana. Kadiri mtu anavyokaa juu, ndivyo chombo kinavyozidi kuyumba.

Na mto je? Sponji ya godoro ni laini dukani, lakini baharini hunywa maji ikawa nzito. Sufi huelea vizuri, ila ikilowa hushikana madonge. Ivike mfuko usiopitisha maji. Mimi napendelea usumba wa nazi. Ni mgumu kidogo, lakini maji hupita, nao hauozi upesi kwa chumvi. Ushonee mfuko wa turubai, uache matundu pembeni. Wala usiutegemee mto wowote kumwokoa aliyeanguka majini. Jaketi la kujiokolea ni kitu kingine, na livaliwe kabla ya kutweka tanga.