Kifafa ni Ugonjwa wa Ubongo: Mtoeni Mgonjwa Motoni

(Mazungumzo ya mhudumu wa afya kwa watu waliokuwa wakisubiri mgao wa chakula)

Najua jua ni kali na foleni haijasogea, kwa hiyo sitawachosha.

Mama akigusa sufuria ya moto, mkono unarudi kabla hajasema "ai!" Habari ya moto imepita katika mshipa wa fahamu hadi uti wa mgongo, na amri ya kuondoa mkono imetoka hapo hapo. Maumivu yanafika kwenye ubongo baadaye kidogo. Ubongo wenyewe una uzito wa kilo moja na zaidi kidogo, na ndani yake mna mabilioni ya seli zinazopelekeana habari kwa umeme mdogo sana, kila moja kwa wakati wake, kama watu wanaozungumza kwa kupokezana.

Kifafa ni pale seli nyingi zinapopiga kelele pamoja. Amri zinakwenda ovyo kwenye misuli. Mwili unakakamaa na kutikisika, meno yanauma ulimi, fahamu zinapotea. Sisi tunapika chini, kwenye mafiga. Mgonjwa akiangukia motoni hasikii kwamba anaungua, wala hawezi kujitoa.

Ndugu zangu, makovu makubwa tunayoyaona zahanati mara nyingi si ya kifafa. Ni ya majirani waliosimama pembeni wakiogopa povu. Povu lile ni mate na hewa tu. Likiwa jekundu, ni damu ya ulimi. Haliambukizi. Hata ushuzi wake hauambukizi, ingawa naona mnacheka.

Mtoeni motoni upesi. Mlazeni ubavu ili mate yatoke, mwekeeni nguo chini ya kichwa, msimkandamize. Msimtie kijiko mdomoni: kijiko huvunja meno. Kwa kawaida hali hiyo hukoma baada ya dakika mbili au tatu. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mbebeni mumlete, hata usiku.

Chanzo? Wengine walichelewa kulia walipozaliwa. Wengine waliugua malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, au waliumia kichwa vitani na njiani. Mayai ya tegu wa nguruwe, yanayotoka katika choo cha mtu mwenye tegu na kuliwa kwa mikono michafu, nayo huanguliwa tumboni, na mabuu yake huweza kufika kwenye ubongo. Kwa wengine chanzo hakionekani.

Dawa ipo. Fenobabitoni imetumika tangu mwaka 1912, na ni ya bei nafuu. Tatizo ni kuiacha. Mzazi anasema, "Mtoto hajaanguka miezi miwili, amepona." Hajaanguka kwa sababu ya vidonge! Vikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi mfululizo na kumwua. Wanaojiandikisha kurudi nyumbani wapite kwanza zahanati, wapewe dawa ya njiani na karatasi ya matibabu.

Mkija, njoni na mtu aliyemwona mgonjwa akianguka, maana mwenyewe hakumbuki. Atuambie kutikisika kulianzia wapi. Kukianzia mkono wa kulia, huenda kasoro iko upande wa kushoto wa ubongo, kwa kuwa mishipa hupishana.