VIJIDUDU RAFIKI NA SAMAKI WAZAZI
(Maelezo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanaushirika)



Nimepewa nafasi nieleze habari za ule unga wa kuchanganya na chakula cha samaki, unaosifiwa kwamba unawafanya wazae sana. Kabla hatujatoa fedha za ushirika, yafaa tuuelewe.

Kitaalamu unga huo unaitwa probayotiki. Ndani yake mna bakteria hai, na baadhi yao ni jamaa ya wale wanaogandisha mtindi wetu. Wakifika tumboni mwa samaki husaidia kusaga chakula, tena huwabana vijidudu vya ugonjwa wasipate nafasi. Samaki anayefaidi chakula chake hupata nguvu ya kutengeneza mayai.

Je, ni kweli? Mwaka 2010 watafiti wa Italia walieleza kwamba samaki wadogo wa maabara waliolishwa bakteria wa namna hiyo, mayai yao yalipevuka upesi. Hata nchini si wageni: mwaka 2004 akina mama wa Mwanza walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria wa aina hiyo kwa ajili ya afya za watu. Lakini jamani, wale samaki wa maabara si sato. Sato jike huatamia mayai mdomoni, na siku hizo hali. Akiba aliyojiwekea mwilini ndiyo inayomvusha.

Basi neno langu ni hili: unga ni msaidizi tu wa chakula, hauwezi kushika nafasi yake. Mzazi aliyeshindia pumba tupu, ukimpa unga umemwaga fedha majini. Kwanza apate mashudu ya alizeti, ambayo hapa Chemba tunayo, na dagaa wa kusaga. Maji yawe safi. Dume mmoja awekewe majike wawili au watatu. Tukumbuke pia kwamba Juni na Julai baridi hupunguza kuzaa, unga au hakuna unga.

Sisi mvua yetu ni msimu mmoja. Vifaranga wakichelewa, maji hukauka samaki wangali wadogo, na hasara ni yetu sote. Kwa hiyo napendekeza tujaribu kidogo kwanza:

1. Tuchukue mabwawa mawili madogo yanayolingana, kila moja madume 5 na majike 15 wa umri mmoja.
2. Chakula kiwe kile kile. Unga utiwe kwa bwawa moja tu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.
3. Unga usichanganywe na chakula cha moto wala dawa ya kuua bakteria, maana vijidudu watakufa. Utunzwe pakavu, penye kivuli.
4. Vifaranga wahesabiwe na kuandikwa daftarini, mara mbili au tatu, siyo mara moja.

Bwawa la kukuzia lisihusike kabisa. Kule hatutaki wazaane ovyo, watadumaa.

Hesabu ikionyesha vifaranga wa ziada wanalipa gharama ya unga, tununue. Isipoonyesha, fedha iende kwenye mashudu na dagaa. Daftari ndilo litakaloamua, siyo maneno ya muuzaji.