MAJERAHA MADOGO NDIYO YANAYOTUMALIZA

(Maneno haya yalisemwa na mwenzetu wa gengi ya njia ya reli katika mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kwa sababu wanachama wa zamu ya usiku hawakuweza kufika.)



Katibu aliponiomba niseme habari za kujilinda na ajali kazini, nilimjibu kwamba mimi si msemaji. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni mtaimbo na sululu. Akaniambia kwamba hiyo ndiyo sababu ananitaka mimi. Basi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, na penye sheria nitasema sheria inavyosema, maana Katibu alinisomea, kisha nikaisoma tena mwenyewe nyumbani, polepole.

Tukisikia neno ajali, fikira zetu hukimbilia behewa lililopinduka na watu wengi waliokufa. Ajali ya namna hiyo huandikwa gazetini, na wakubwa huja kuitazama. Leo sitasema habari zake. Nataka kusema habari za kidole, mgongo, jicho na kifundo cha mguu. Hayo hayaandikwi gazetini, na sisi wenyewe hatuyaandiki popote. Lakini wahesabuni wenzetu mnaowajua ambao waliacha kazi kabla ya wakati wao. Ni wangapi walikanyagwa na treni? Na ni wangapi walirudi nyumbani wameshika kiuno?

Nimeleta kitu mfukoni. Hii ni tindo ya kukatia chuma. Ipitisheni mkono kwa mkono, kila mtu atazame kichwa chake, lakini mwangalie isiwachane vidole. Mnaona jinsi kichwa kilivyopondeka kwa kupigwa nyundo miaka mingi, kikachanua pembeni kama uyoga? Zile kingo zilizochanua zimekwisha pasuka ndani. Nyundo ikipiga hapo, kipande kidogo huruka kwa nguvu, na hakichagui pa kwenda. Huweza kumpata aliyeshika nyundo, au aliyeshika tindo, au yule aliyesimama kando anangoja zamu yake na kupiga hadithi.

Mimi kilinipata jichoni. Wakati huo nilikuwa kibarua tu, sijaandikwa. Tulikuwa tunakata bolti iliyoshikwa na kutu, jua kali, na miwani ya kazi nilikuwa nayo. Lakini ilikuwa inaning'inia shingoni, kwa maana ilijaa jasho na nilikuwa sioni vizuri. Kipande kilipoingia sikuona uchungu mkubwa. Nilidhani ni mchanga. Mwenzangu mmoja, mzee wa kazi na mtu mwema kabisa, akafunga kitambaa kwenye kijiti cha kiberiti akanifuta jicho, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka akasema kimetoka. Tukaendelea na kazi. Sikumwambia nyapara, kwa kuwa niliogopa kuambiwa kesho usije.

Usiku wa pili sikulala. Jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, na machozi yalitoka bila kukoma. Hospitalini daktari alikuta chuma bado kimekwama kwenye kioo cha jicho, na pale tuliposugua na kile kijiti palikuwa na kidonda kilichoingia uchafu. Alikitoa, na kidonda kikapona, lakini kovu likabaki. Leo nikifunga jicho la kulia, ninyi nyote mliokaa pale nyuma ni ukungu. Nilipokwenda baadaye kueleza kazini, daftari la ajali lilifunuliwa mbele yangu. Siku ile hapakuandikwa kitu. Hapakuwa na bolti, wala tindo, wala mimi.

Sasa sikilizeni, maana jambo hili lingezuiwa mara tatu. Tindo kama hii inapelekwa kwenye jiwe la kunolea, kichwa kinasagwa mpaka kinyooke, na hiyo ni kazi ya dakika chache. Miwani ikijaa jasho, ondoka kwanza mahali pa kazi, uifute, kisha urudi. Na ipo miwani yenye matundu ya hewa pembeni, ambayo haishiki ukungu upesi, nasi tuiombe hiyo. Na chuma kikiingia jichoni usisugue, wala usimkubali mwenzako na kijiti chake, hata akiwa na moyo mwema namna gani. Funika jicho bila kulikandamiza, uende hospitali siku ile ile. Kipande kilichopiga kwa nguvu huweza kupenya ndani kabisa na jicho lisiume sana, kisha kikashika kutu humo ndani na kuliharibu polepole. Lakini kama kilichoingia ni maji ya betri, au chokaa, au saruji, hapo usingoje gari wala daktari. Osha kwa maji safi papo hapo, maji mengi, kope zikiwa wazi, kwa dakika 20 nzima, ndipo uende.

Nisemeje juu ya mgongo? Hapa wengi wetu tunadanganywa na sifa. Kijana akija gengi hutaka aonekane ana nguvu. Hebu tufanye hesabu. Reli ya ratili 80 kwa yadi ni karibu kilo 40 kwa kila mita. Kipande cha mita 6 ni kilo 240. Wakiinua watu wanane sawasawa, kila mmoja ana kilo 30, na huo ni mzigo wa mtu. Wakiinua watu wanne, kila mmoja ana kilo 60. Na katika wale wanne, mmoja akiteleza kwenye kokoto, mzigo wake haupotei hewani, unawaangukia wale watatu ghafula. Hapo ndipo kiuno hulia.

Mzee mmoja alinifundisha hivi: mzigo ukae karibu na tumbo kama mtoto anayebebwa, magoti yakunjwe, mgongo usipindwe, na ukitaka kugeuka, geuka na miguu yako yote, usizungushe kiuno peke yake huku umeshika chuma. Mzigo ule ule ukiushika mbali na mwili, mgongo wauona mzito mara nyingi zaidi. Na kabla ya kuinua, tazameni njia mtakayopita na mahali mtakapoweka. Watu wengi hawaumii wakati wa kuinua. Huumia wakati wa kuweka chini, mmoja akiachia kabla ya wenzake. Ncha moja ikigonga chini, ncha ya pili huruka, na mwenye mguu hapo chini ameumia.

Ndiyo maana yafaa sauti iwe moja. Neno Harambee, kabla halijawa neno la Taifa mwaka 1963, lilikuwa neno la watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja. Wazee hawakuimba kwa kufurahi tu. Mtu mmoja aliita, wengine wakaitika, na mzigo ukaenda kwa mara moja. Siku hizi nasikia sauti tatu, nne: huyu anasema inua, yule anasema ngoja, na wa tatu anaongea na simu. Hapana. Mwiteni mmoja, na huyo mmoja asishike mzigo, atazame watu.

Katika habari za mikono nitasema machache. Mkono usiingie chini ya reli wala chini ya taruma lililoinuliwa kwa jeki. Tumia mtaimbo au kipande cha mbao. Glavu ni nzuri kwa kubeba chuma chenye makali na mbao zenye vibanzi, lakini ninyi wa karakana mnajua, au yawapasa mjue, kwamba kwenye mashine inayozunguka, kama ile ya kutobolea chuma, glavu ni adui. Ikinaswa, mkono hufuata. Pete pia. Nimemwona mtu akiruka kutoka kwenye lori, pete ikanaswa kwenye ndoano ya ubavuni, nami sitaeleza yaliyokipata kidole chake kwa sababu wengine hapa hawajala. Tangu siku ile pete yangu ya ndoa hukaa nyumbani ndani ya kikombe nikiwa kazini. Mke wangu alinuna wiki nzima, kisha nikampeleka kumwamkia yule bwana, akanyamaza.

Miguu: usikanyage juu ya reli, ruka upande wa pili, maana chuma kile huteleza kama sabuni asubuhi yenye umande au mahali palipomwagika oili. Usishuke kwenye behewa linalotembea. Usipite karibu na ncha ya behewa lililosimama, maana linaweza kusukumwa bila wewe kusikia. Na buti zenye chuma mbele ni za kuvaa, si za kuweka akiba ya Krismasi. Natazama upande wa gengi yangu mwenyewe.

Sasa, ndugu zangu, mtasema: haya yote tunayajua, lakini nyapara anataka kazi iishe. Ni kweli. Nyapara naye ana mkubwa wake anayemhimiza. Lakini tukubali na yetu. Mara ngapi nyapara hayupo, na sisi wenyewe tunakimbiza kazi ili twende mapema? Na mara ngapi mwenzetu akivaa miwani tunamcheka kwamba amekuwa daktari? Nilichekwa mimi, nikaishusha shingoni. Jasho lilikuwa sababu moja. Kucheka kwenu kulikuwa ya pili, na hilo sijalisema mbele za watu mpaka leo.

Sheria haikutuacha yatima. Iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inasema mwajiri asimtake mfanyakazi abebe mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumwumiza. Inasema vifaa vya kujikinga vitolewe mahali panapohitajiwa, na sisi tuvitumie; tukivitupa tumevunja sheria ile ile. Penye wafanyakazi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama, na ndani yake wawepo watu wa upande wetu. Na liko neno ambalo nilimwomba Katibu anisomee mara mbili. Ukiona hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu ya haki na si uvivu, umwarifu msimamizi wako, na haruhusiwi kukulazimisha urudi hapo mpaka hatari irekebishwe. Wala hufukuzwi wala kuadhibiwa kwa kuondoka mahali hapo. Laiti ningalilijua neno hilo nikiwa kibarua.

Iko na sheria ya pili ya mwaka huo huo, ya mafao ya mfanyakazi aliyeumia. Matibabu yanayostahili ni juu ya mwajiri. Ukishindwa kabisa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, yako malipo. Mwajiri akisha kuarifiwa, ana siku 7 za kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa serikali anayehusika na mambo ya usalama kazini. Lakini yote hayo huanza na wewe kusema. Ajali isiyofikishwa kwa mwajiri mpaka imepita miezi 12, haki yake inakufa. Mimi nilichelewa kwa aibu na kwa hofu, na nilipokuja kusema sikuwa na karatasi wala shahidi, kwa sababu yule mzee wa kijiti alikuwa amekwisha staafu na kurudi kwao.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja dogo, na Bwana Mwenyekiti amenikubalia. Hapa mezani pana daftari. Haliondoi lile la mwajiri. Lile lazima uandikwe kwanza, siku ile ile, hata kama ni kidole kilichobanwa na damu haikutoka. Hili ni letu. Andika tarehe, saa, mahali, kazi uliyokuwa ukifanya, chombo gani, na nani aliona. Asiyejua kuandika atamwambia Katibu, naye ataandika. Kila mwisho wa mwezi wajumbe wetu watalipeleka kwenye kamati ya usalama, wakae na wasimamizi, waulize: mbona vidole vitatu vimebanwa mahali pamoja? Mbona jeki hii imetajwa mara mbili?

Ukurasa wa kwanza nimekwisha andika mimi, la jicho langu, ingawa halina malipo tena. Na hiyo tindo, aliyenayo sasa tafadhali airudishe mbele. Kesho asubuhi naipeleka kwenye jiwe la kunolea kabla gengi haijaanza kazi, na wenye tindo nyingine kama hiyo wanikute hapo saa kumi na mbili na nusu.