Kifaa Kimewekwa, Mtoto Anasikia Nini?



Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, tunaulizwa: mbona mtoto amewekewa kifaa na bado haelewi?

Sikio zima lina seli zipatazo 3,500 zinazopeleka sauti kwenye mshipa wa fahamu. Kifaa hutumia elektrodi 12 hadi 22 tu. Sauti inafika, lakini imepungukiwa.

Irabu humfikia vizuri zaidi, hivyo "pika" na "paka" aghalabu huzitofautisha. Taabu iko kwenye konsonanti. Ukimwambia "paka" anaweza kusikia "taka" au "kaka", kwa kuwa p, t na k hutenganishwa na mlio mfupi mno. Akikutazama usoni ataona midomo ikifungwa kwenye p, naye atajua. Kumwita ukiwa jikoni, yeye yuko uani, ni kumwonea. Penye kelele ni vigumu zaidi, na spika zetu za kanisani mnazijua.

Mama mmoja alitueleza kuwa mwanawe alichapwa shuleni kwa "ukaidi". Aliambiwa alete kiti, akaleta kitu kingine.

Bajeti yetu ya kwanza ilihesabu upasuaji, ikasahau mazoezi ya kusikia na kuongea, ambayo huchukua miaka. Tulikosea. Safari hii tunaomba nauli za mazoezi na fedha za betri, na kila usharika umtengee mtoto huyo kiti cha mbele.