Jibu la Maabara ni Ushahidi

(Mazungumzo kwa wafanyakazi wa maabara za hospitali)



Mgonjwa aingiapo hospitalini huonana na watu wengi: karani wa mapokezi, muuguzi, mganga na mtoa dawa. Mpimaji wa maabara humwona kwa dakika chache tu, wakati wa kutolewa damu, na pengine hamwoni kabisa. Hata hivyo, maneno mawili au matatu yanayoandikwa na mpimaji huyo ndiyo yanayoamua mgonjwa apewe dawa gani, apasuliwe, au arudishwe nyumbani. Jibu la maabara, kwa hiyo, ni ushahidi. Na anayeuandika hana budi kusema alichokiona, si alichokidhania.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika katika uchunguzi uliofanywa mwaka 2002 na 2003 katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2004. Wagonjwa 4,474 waliolazwa walitibiwa malaria kali. Damu yao ilipochunguzwa, waliokutwa na vimelea hawakufika hata nusu. Walikuwa asilimia 46. Miongoni mwa wenye vimelea walifariki kama 7 katika kila 100. Miongoni mwa wale ambao vimelea havikuonekana, walifariki 12 katika kila 100. Homa iliyopewa jina lisilo lake ilikuwa hatari kuliko malaria yenyewe.

Ni rahisi kuwalaumu waganga peke yao. Yafaa kuuliza pia: kwa nini mganga apokee karatasi isemayo "hakuna vimelea" kisha aandike dawa ya malaria? Mazoea ni sababu mojawapo. Kutoiamini maabara ni sababu nyingine. Mganga aliyewahi kuletewa jibu la kubuni, hata mara moja, hulitilia shaka hata jibu la kweli. Hivyo uzembe wa mpimaji mmoja huharibu kazi ya wenzake wote walio waaminifu. Na tangu Shirika la Afya Duniani lilipoagiza, mwaka 2010, kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe, dhamana ya mpimaji imezidi kuwa nzito.

Jibu la kubuni halitokani na moyo mbaya siku zote. Mara nyingi hutokana na foleni. Kanuni ya darubini inataka mpimaji akague si chini ya sehemu 100 za tone nene la damu kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Ikiwa kioo kimoja kinachukua dakika 10, saa 8 za kazi zinatosha vioo 48, bila kupumzisha macho hata kidogo. Mpimaji anayeletewa vioo 150 na kuamriwa avimalize kabla ya jioni, kwa hakika ameamriwa aandike asichokiona.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1987 gazeti la Wall Street Journal lilifichua jinsi maabara kadhaa zilivyokuwa zikipima saratani ya mlango wa kizazi kwa pupa. Wapimaji walilipwa kwa idadi ya vioo, na kila aliyeharakisha alipata zaidi. Saratani zilipita bila kuonekana, na wanawake waliokuwa wameambiwa kwamba wako salama walipoteza maisha. Mwaka 1988 nchi hiyo ilipitisha sheria ya maabara. Chini ya sheria hiyo, mpimaji wa vioo vya namna hiyo haruhusiwi kukagua zaidi ya 100 katika saa 24, na angalau moja ya kumi ya vioo vilivyoonekana salama hukaguliwa upya. Funzo lake ni wazi: kumhubiria mfanyakazi uaminifu, huku utaratibu wa kazi unamsukuma kudanganya, ni kupoteza maneno.

Kwa hiyo kila maabara haina budi kuwa na taratibu zilizoandikwa na zinazofuatwa. Sampuli isiyo na jina, au iliyoganda, au iliyomwagika, ikataliwe na nyingine iombwe, hata kama mkubwa ananung'unika. Kitendanishi kilichopita muda wake kisitumike. Kipimo cha haraka kisomwe kwa dakika alizoagiza mtengenezaji, si kabla wala baada. Kosa likigunduliwa, litajwe siku hiyo hiyo na mganga aarifiwe, kwa kuwa kosa lililofichwa katika daftari huendelea kumtibu mgonjwa vibaya.

Siri ya mgonjwa nayo ni sehemu ya kazi. Jibu la virusi vya UKIMWI si habari ya kupeleka kijiweni, na nchini Tanzania sheria ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo. Anayepokea chochote ili kutoa cheti cha afya bila kupima amewauza watu wote watakaokaa karibu na mwenye cheti hicho.

Tanzania ilitunga mwaka 2007 sheria ya wataalamu wa maabara za afya na kuunda Baraza la kuwasajili na kusimamia maadili yao. Hatua hiyo ni njema, ila Baraza haliwezi kusimama nyuma ya kila darubini. Viongozi wa hospitali nao wana wajibu wao: wahakikishe kuna umeme, vitendanishi na watu wa kutosha, na wasimwadhibu mpimaji anayesema "kazi hii imenizidi." Mpimaji naye, akishapewa nafasi hiyo, hana kisingizio. Mama aliyekaa kwenye benchi na mtoto mwenye homa hawezi kukagua kioo mwenyewe. Ameyakopa macho ya mpimaji, na ana haki ya kuambiwa kilichoonekana.