Kwa Nini Foleni ya Makutano Hurefuka Ghafla

Hotuba iliyoandaliwa kwa vikao vya wakazi kuhusu matumizi ya barabara



Kila anayesafiri asubuhi amewahi kuliona jambo hili. Saa kumi na mbili na nusu, gari linapita kwenye makutano bila shida. Nusu saa baadaye magari yameongezeka kidogo tu, lakini foleni haina mwisho. Watu hulaumu dereva fulani au afisa fulani. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye hesabu.

Hesabu ya foleni ilianzia kwenye simu. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark, alichapisha utafiti kuhusu simu zinazoingia bila mpangilio. Mwaka 1958, F. V. Webster wa Uingereza alitoa kanuni za kupanga taa za trafiki, na wahandisi wanazitumia hadi leo.

Chukulia njia inayoweza kupitisha wastani wa magari 10 kwa dakika. Magari hayaji kwa mpangilio: mara matatu kwa pamoja, mara hakuna. Yakija 8 kwa dakika, hesabu rahisi ya foleni inaonyesha kila gari litatumia wastani wa nusu dakika mpaka lipite. Yakija 9, ni dakika 1. Yakija 9.5, ni dakika 2. Njia inapokaribia kujaa, nyongeza ndogo huzidisha kungoja maradufu.

Hesabu hiyo hiyo inahusu matatu inayosimama mdomoni mwa makutano kubeba abiria. Ikiwa magari 9 yanakuja kila dakika, na uwezo wa njia ukashuka kutoka 10 hadi 9.5 kwa sababu ya matatu hiyo, kungoja kunatoka dakika 1 hadi 2. Dereva amepata nauli ya mtu mmoja, na gharama imelipwa na wote walio nyuma. Miongoni mwao huenda kuna ambulensi iliyombeba mama anayekaribia kujifungua.

Taa nazo zina somo lake. Chukulia upande mmoja una sekunde 30 za kijani na 30 za nyekundu, magari 600 yanakuja kwa saa, na taa ikiwa kijani gari moja hupita kila sekunde 2. Kwenye nyekundu magari 5 hujipanga, na wastani wa kungoja kwa magari yote ni kama sekunde 11. Sasa kila upande ushikiliwe dakika 4. Mgawo ni ule ule, nusu kwa nusu. Lakini magari 40 yatajipanga, na wastani utafika sekunde 90. Foleni ya magari 40 inaweza kupita mita 200 na kuziba makutano ya nyuma. Ndiyo maana kuachilia upande mmoja mpaka uishe huwafurahisha walio mbele na kuwaumiza wengine wote.

Hata hivyo, zamu fupi mno nazo ni hasara, kwa kuwa kila taa inapobadilika sekunde kadhaa hupotea bila gari kupita. Kanuni za Webster husaidia kupata kipimo cha katikati.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, trafiki na maegesho. Kazi ya polisi ni ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo makutano mazuri yanahitaji pande zote mbili, pamoja na wakazi.

Mkazi anaweza kuanza leo. Matatu ishushe na kubeba abiria stejini. Dereva asiingie katikati ya makutano kabla ya kuona nafasi upande wa pili. Bodaboda zisizibe njia ya kukata kona. Na kikao cha ushirikishaji wa umma kikiitishwa, mkazi aje na hesabu yake: makutano gani, saa ngapi, magari mangapi kwa dakika. Malalamiko yenye hesabu humrahisishia mhandisi kazi, na yakiandikwa kwenye kumbukumbu za kikao ni vigumu kuyapuuza.