Matambara ya Ebedmeleki

Somo: Yeremia 38:7–13

Wewe uliye jikoni ukichochea moto, wewe uliye ndani ya matatu ukielekea kazini, nawe mgonjwa uliyelala kitandani, karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache.

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya nguo kuukuu. Huenda mtu akacheka na kusema, mchungaji ameishiwa na mahubiri. Sivyo. Biblia ina habari nyingi za nguo, na mojawapo imo katika kitabu cha nabii Yeremia, mlango wa 38.

Yeremia alitupwa shimoni kwa kuwa alisema maneno ambayo wakuu wa Yerusalemu hawakutaka kuyasikia. Shimo lile halikuwa na maji ila matope, naye akazama ndani yake. Katika jumba la mfalme alitokea mtu mmoja wa kumwonea uchungu, naye hakuwa Mwisraeli. Alikuwa Mkushi, mtu wa kwetu Afrika, jina lake Ebedmeleki. Alimwendea mfalme Sedekia, akapewa ruhusa na watu thelathini wa kumsaidia. Lakini kabla ya kwenda shimoni alipitia mahali. Aliingia chini ya hazina ya mfalme, akachukua nguo zilizochakaa na matambara, akayateremsha kwa kamba, kisha akamwambia Yeremia ayatie makwapani chini ya zile kamba, ndipo wakamvuta.

Kwa miaka mingi niliisoma habari hii bila kuyatazama yale matambara. Nilitazama kamba, maana kamba ndiyo iliyomtoa. Ebedmeleki yeye alifikiri juu ya makwapa ya mtu aliyekonda kwa njaa. Tena hakumtupia nguo zile kutoka juu. Alimteremshia.

Sasa niwapeleke Kangundo.

Miaka kadhaa iliyopita wanafunzi Wakristo wa chuo kimoja huku kwetu Machakos walinijia na shauri. Walitaka kukusanya nguo chuoni, wawapelekee watu wa vijiji vya Kangundo kabla ya baridi. Wasioijua Kangundo hudhani Ukambani kote ni jua na vumbi. Njooni mwezi wa Julai, ukungu umekaa juu ya vilima tangu alfajiri, na mtoto anakwenda shule na shati jepesi tu, ndipo mtajua.

Walikuwa na sababu nyingine pia. Walikuwa wamesoma kwamba kutengeneza fulana moja ya pamba, tangu shambani mpaka dukani, huhitaji lita 2,700 za maji, kwa makadirio ya wataalamu. Nilipiga hesabu hiyo kwa kipimo cha kwetu. Ni mitungi 135 ya lita ishirini. Punda hubeba mitungi minne, basi ni safari 34 za punda mpaka kisimani, kwa fulana ambayo kijana ataivaa miezi mitatu na kuiacha kwa kuwa mtindo umepita. Na ikiachwa huenda wapi? Jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kwamba limejaa mwaka 2001, haliko mbali na Barabara ya Kangundo tunayoipita tukienda Nairobi. Nguo ya pamba huoza. Nguo ya poliesta, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli, hubaki pale pale miaka na miaka.

Basi shauri lao lilikuwa jema. Niliwabariki. Magunia yaliwekwa penye milango ya mabweni, na kwa wiki mbili yakajaa magunia kumi na manne. Nami nilitoa koti langu. Bitana yake ilikuwa imeraruka, na mfuko mmoja haukushika kitu. Nililitia guniani nikajiona nimefanya tendo la imani.

Siku ya kugawa, akina mama walipangwa mstari uwanjani juani. Kila mmoja alipewa nguo iliyotokea juu ya gunia, huku kijana mmoja akipiga picha. Bibi mmoja mjane, ambaye huko kwetu tungemwita susu, alipewa gauni la karamu, jepesi, la kung'aa, zipu yake imekufa. Alisema asante, akalikunja vizuri, akaondoka.

Wiki mbili baadaye nilipita nyumbani kwake tuombe pamoja. Lile gauni niliona limefunika tundu la kuku kuzuia upepo. Susu aliona macho yangu yalipoelekea.

"Mchungaji," akasema, "kuku hawajali zipu."

Nilicheka, naye akacheka, lakini kicheko changu hakikufika mbali. Nikamwuliza, "Susu, wewe ulihitaji nini?"

"Blanketi. Na sweta ya mjukuu wangu. Lakini hakuna aliyeniuliza."

Ndugu msikilizaji, neno hilo lilinichoma. Wazee wa Ukambani wanaikumbuka njaa ya mwaka 1984, waliyoiita Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nimeshika: fedha zimo mkononi na dukani hakuna cha kununua. Sisi tulikuwa tumeleta magunia kumi na manne ya nguo, na mtoto wa nyumba ile alikuwa bado anatetemeka.

Nilirudi kwa wanafunzi, nikawaeleza. Binti aliyekuwa kiongozi wao alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi tulihamisha taka tu, kutoka bwenini mpaka Kangundo."

Akili ya binti yule ni kali. Maana hivyo ndivyo nchi tajiri zinavyotufanyia sisi. Mwaka 2019 Kenya iliingiza mitumba kiasi cha tani 185,000. Mimi siidharau mitumba. Suti ninayohubiria niliinunua soko la Tala, na familia nyingi zimesomesha watoto kwa biashara hiyo. Lakini mwulize mwenye kibanda moyo wake unavyopiga anapokata kamba za mtumba aliolipia bila kuona kilichomo. Akikuta nguo zenye madoa na zilizochanika, hasara ni yake, na jaa ni letu. Aliyezitoa kule Ulaya alikwenda kulala akijiona amefanya hisani. Kama mimi na koti langu.

Mwaka uliofuata vijana walianza upya, na safari hii walianzia kwa susu. Walikwenda kwa akina mama wa mwethya. Ninyi wa mbali, mwethya ni desturi yetu ya kufanya kazi kwa pamoja. Matuta mengi yanayozuia udongo katika vilima vya Machakos yalichimbwa na vikundi hivyo, wanawake wakiwa ndio wengi. Akina mama waliketi wakasema mahitaji yao: sweta za shule, mablanketi, leso, viatu vya mvua. Hapakuwa na aliyetaja gauni la karamu.

Chuoni hakukuwekwa magunia tena. Kulikuwa na meza, na mwanafunzi aliyeketi hapo alipokea nguo mkononi, akaigeuza, akatazama vifungo na mishono, kisha akamwuliza mwenyewe, "Ungempelekea mama yako hii?" Wengine walirudi nayo bwenini kwa aibu. Wengine walikasirika, nami siwalaumu sana. Nguo zilifuliwa Jumamosi mbili. Fundi cherehani mmoja kutoka Tala alikuja na mashine yake, akawafundisha kubadili zipu na kutia kiraka. Wavulana ambao hawakuwahi kushika sindano walijichoma vidole na kujifunza kukaza kifungo. Ningependa kila chuo nchini kifundishe hilo, hata kama si katika mtihani.

Zisizovalika hazikupelekwa kama nguo. Sweta zilizotoboka zilifumuliwa, na uzi wake ukawafikia akina mama wanaosuka viondo. Za pamba zilikatwa vitambaa vya kupangusia. Za poliesta zilizoharibika zilitushinda, na mpaka leo hatujapata njia nzuri ya kuzitumia. Ndipo vijana wengi walipokata shauri wasinunue nguo mpya muhula ule, na fedha walizoziweka zikanunua mablanketi, kwa kuwa mablanketi hayakuletwa na mtu mezani.

Magunia kumi na manne ya mwaka wa kwanza yaligeuka kuwa matano. Nguo zilitundikwa kwenye kamba ndani ya kanisa kama dukani, watu wakaingia wachache wachache, wakashika, wakajipima, wakachagua. Hapakuwa na picha. Mlangoni aliketi susu yule yule, na sheria yake ilikuwa kali kuliko ya askari. Saa saba akina mama walitandika mikeka, wakawapakulia wanafunzi muthokoi. Nao wanafunzi walikula sana, kama ilivyo kawaida yao.

Ebedmeleki alijua kilichomo chini ya hazina ya mfalme, tena alijua kilichomo shimoni. Mtu hawezi kujua la pili akiwa amesimama mbali. Ilimpasa asogee ukingoni, ainame, aseme na Yeremia kwa sauti.

Wapenzi, mwaka huu vijana wanakusanya tena kabla ya Julai. Wanahitaji sweta za watoto wa miaka sita hadi kumi, vifungo vya kila namna, na mtu mwenye cherehani anayeweza kutoa Jumamosi yake. Mimi nimekwisha peleka koti, lenye bitana mpya. Na susu ameniagiza niwaambie neno moja redioni: magauni ya karamu msilete, kuku wake wanalo la kuwatosha.

Bwana awabariki. Kwaherini mpaka wiki ijayo.